HeartSine samaritan PAD 350P: mashine ya kushtua moyo yenye tarehe moja ya kukumbuka

Unaibeba kwa mkono mmoja. Upana sentimita 20, kimo 18.4, unene 4.8, na uzito kilo 1.1 pamoja na betri, yaani kama pakiti ya kilo moja ya sukari. Usoni ina vitufe viwili tu: cha kuwashia, na kile cha rangi ya machungwa cha kutolea umeme. Haina skrini, haina menyu, haina waya wa kuchaji. Chini yake pamechomekwa kisanduku kiitwacho Pad-Pak, na ndani ya kisanduku hicho mna betri pamoja na pedi mbili za kubandika kifuani. Mashine yote ndiyo hiyo.

HeartSine ni kampuni ya Belfast, Ireland ya Kaskazini, ingawa siku hizi iko chini ya Stryker ya Marekani. Belfast si mji wa bahati nasibu katika habari hizi. Ndipo daktari Frank Pantridge, mwaka 1965, alipoutoa mtambo wa kushtua moyo wodini akaupakia kwenye gari la wagonjwa. Ule wa kwanza ulikuwa na kilo 70 hivi na ulitumia betri za gari. Kutoka kilo 70 hadi kilo moja na ushei ni safari ndefu, lakini kazi haijabadilika.

Tathmini hii inamhusu anayetaka kununua kwa ajili ya hoteli, jimu, kiwanda, boti ya abiria, shule, msikiti au kanisa. Si ya wodi ya wagonjwa mahututi, wala si ya nyumbani, sababu zinakuja.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno, kwa sababu Kiswahili cha mitaani kinachanganya maradhi mawili. Shambulio la moyo ni mshipa wa moyo kuziba. Mgonjwa anashika kifua, anatoka jasho, anaongea. Huyo anahitaji hospitali haraka, si umeme. Moyo kusimama ghafla ni jambo jingine: mtu anaanguka, haitiki ukimwita, hapumui kawaida. La kwanza linaweza kuzaa la pili wakati wowote, kwa hiyo ni vyema mashine iwe karibu na mwenye maumivu ya kifua, lakini pedi zinabandikwa kwa asiyeitika na asiyepumua kawaida. Angalia hilo neno “kawaida”. Dakika za mwanzo wengi hukoroma au kutweta kwa mbali mbali, kama samaki aliyetolewa majini. Watu waliomzunguka husema “bado anapumua” na kuanza kumpepea. Huko si kupumua. Pengine hakuna kosa linalokula muda mwingi kuliko hili, na mashine yoyote haiwezi kulirekebisha, kwa kuwa wakati huo bado iko kwenye kabati.

Tamthilia zimetuzoesha kuona mstari umenyooka kwenye kioo, daktari anapiga umeme, mgonjwa anaamka. Sivyo. Umeme hauuamshi moyo ulionyamaza. Unaunyamazisha moyo unaotapatapa. Katika hali hiyo, waganga huiita fibrilesheni ya ventrikali, misuli ya moyo inatetemeka ovyo kama mfuko wa minyoo na damu haisukumwi hata tone. Mshtuko unaizima fujo hiyo yote kwa mara moja, kisha kituo cha asili cha mapigo kipate nafasi ya kuongoza tena. Moyo ukiwa umenyamaza kabisa, 350P itasema mshtuko haushauriwi na itakuamuru uendelee kukandamiza. Haijaharibika. Na kwa sababu hiyohiyo huwezi kumuua mtu kwa kubonyeza kimakosa: bila mdundo unaostahili kushtuliwa, kitufe cha machungwa hakifanyi kitu.

Sasa je, vifaa vya namna hii vinaokoa kweli mikononi mwa wasio madaktari? Ushahidi unaotupendeza zaidi ulitoka kwenye kumbi za kamari za Marekani, ukachapishwa mwaka 2000. Waliofundishwa walikuwa walinzi. Kati ya watu 105 ambao mioyo yao ilikutwa inatapatapa, 56 walitoka hospitali wakiwa hai. Walioshtuliwa ndani ya dakika 3 tangu kuanguka walipona asilimia 74; waliochelewa zaidi ya hapo, asilimia 49. Zisome tarakimu hizo kwa makini: mashine ileile, walinzi walewale, tofauti ni dakika. Mwaka 2004 utafiti mkubwa wa Amerika Kaskazini ulilinganisha maeneo ya umma yenye wahudumu waliofundishwa kukandamiza kifua peke yake na yale yaliyoongezewa mashine. Manusura walikuwa 15 upande mmoja, 30 upande wa pili.

Lakini mwaka 2008 ukaja utafiti wa watu 7,001 waliowahi kupata shambulio la moyo, nusu yao wakapewa mashine za kuweka nyumbani. Vifo havikupungua. Wengi huanguka usiku, au wakiwa peke yao, au mke na mume wanachanganyikiwa wasikumbuke mashine iko wapi. Kwa hiyo anayetaka kumnunulia mzee wake 350P aiweke sebuleni, tunamshauri pesa hiyo imlipie mzee dawa za presha na vipimo, na familia nzima ijifunze kukandamiza kifua.

Na dawa je? Wapo wanaodhani sindano ya adrenalini ndiyo mkombozi. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2018, lenye wagonjwa 8,014, lilikuta waliopewa adrenalini walikuwa hai baada ya siku 30 kwa asilimia 3.2, dhidi ya 2.4 ya waliopewa maji ya chumvi. Na miongoni mwa manusura, wenye ulemavu mkubwa wa ubongo walikuwa wengi zaidi upande wa adrenalini. Mikono kifuani na umeme wa mapema bado havijapata mpinzani.

Turudi kwenye dakika 3, maana hapo ndipo ununuzi unapofaulu au kufeli. Una sekunde 180. Ondoa 30 za kugundua na kupiga kelele. Ondoa 50 za kufungua nguo, kubandika pedi, mashine kusoma mdundo na kujichaji. Zimebaki 100 za kwenda na kurudi. Mtu anayekimbia mita 3 kwa sekunde atafika mita 150 na kurudi, kama hakuna ngazi, geti wala ofisi iliyofungwa kwa kufuli. Hapa kwetu geti lipo na kufuli lipo, kwa hiyo hesabu mita 100. Hoteli ya ufukweni yenye urefu wa mita 400 haitoshi mashine moja mapokezi. Aidha ziwe mbili, au mhudumu wa ufukweni awe na redio na mwenye mashine awe na pikipiki au kigari cha gofu.

Mashine ikifungiwa kwenye ofisi ya meneja imeshapotea. Hofu ya wizi tunaielewa, na dawa yake ni kabati lenye king’ora lisilo na kufuli, mbele ya macho ya mlinzi. Mlinzi ndiye aliyepo saa 24. Meneja yupo kwa muda wa saa 8 tu kwa siku, daktari wa hoteli yupo kwa simu. Mfundishe mlinzi kwanza.

Matumizi yenyewe. Mtu mmoja anakandamiza kifua tangu mwanzo, haachi: katikati ya kifua, kina sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, akikiachia kifua kipande juu kabisa kila mara. Wa pili anawasha mashine na kuweka kifua wazi. Anavuta kichupo cha kijani cha Pad-Pak, pedi zinatoka. Anabandua utando wa plastiki wa kila pedi. Moja anaibandika kulia, chini ya mtulinga. Nyingine kushoto ubavuni, chini ya kwapa. Mashine inasema mgonjwa asiguswe, inasoma. Ikikuta mdundo wa kushtua inajichaji hadi jouli 150 kwa sekunde chache, inaonya watu wakae mbali, na hapo unabonyeza cha machungwa. Ukishabonyeza, rudi kifuani papo hapo bila kupapasa mapigo. Mashine inakupigia mlio wa kufuata mwendo, na baada ya dakika 2 inasoma tena. Mshtuko wa pili ni jouli 150, wa tatu na kuendelea 200. Anayeweza kupuliza hewa mdomoni akandamize mara 30, kisha apulize mara 2. Asiyeweza akandamize tu. Aliyezama majini au mtoto mdogo ni tofauti: hao hukosa hewa kwanza, kwa hiyo kupuliza ndiko kunakoanza na mashine inafuata.

Aliyefundishwa vizuri hana haja ya kusubiri sauti imalize kila sentensi. Pedi zikishabandikwa, mashine inaruka maelekezo yaliyobaki na kuanza kusoma. Hili ni jambo zuri, kwa sababu maelekezo ya mwanzo ni ya polepole na kwa mtu mwenye uzoefu yanachosha.

Yanayoharibika mara nyingi si ya umeme. Ni ngozi. Pwani mtu anaanguka akiwa na jasho, mafuta ya nazi au losheni, na pedi inateleza. Mashine inarudia “bandika pedi” bila kukoma, watu wanadhani ni mbovu. Kumbe inapima ukinzani wa umeme kati ya pedi mbili, na inakubali kati ya ohmu 20 na 230. Pedi iliyoshika nusu inavuka kiwango hicho. Futa kifua kwa kitambaa kikavu, bonyeza pedi kwa kiganja kuanzia katikati kwenda pembeni. Usifute kwa spiriti: inaungua kukiwa na cheche. Kifua chenye nywele nyingi kinyolewe kwa wembe mahali pa pedi tu, sekunde tano zinatosha. Ule utando wa plastiki nao unasahaulika, mtu akibandika pedi na plastiki yake. Mkufu na hirizi visogezwe pembeni, visikae chini ya pedi. Plasta ya dawa ibanduliwe. Ukiona uvimbe mdogo mgumu chini ya ngozi ya bega, hicho ni kifaa cha kuongoza mapigo. Weka pedi mbali nacho sentimita 8 au zaidi.

Kuhusu wanawake, tuseme wazi. Utafiti wa Marekani ulikuta hadharani wanaume walikandamizwa kifua na wapita njia kwa asilimia 45, wanawake asilimia 39. Watu wanaogopa kumvua mwanamke. Huko kwao hakuna khanga. Sisi tunayo, tena karibu kila mahali penye wanawake wawili. Wanawake waliopo washike khanga mbili au leso kama pazia, mkasi ukate gauni na sidiria, pedi zibandikwe kwenye ngozi (si juu ya titi, ni pembeni yake chini ya kwapa), kisha khanga moja ifunikwe juu ya kifua na kazi iendelee. Pedi zikishashika, kitambaa chepesi juu yake hakizuii chochote. Weka khanga moja ndani ya kabati la mashine. Ni gharama ndogo kuliko zote katika mpango huu.

Pamoja na khanga kuwe na mkasi mkubwa wa kukatia nguo, wembe, taulo ndogo, glavu na barakoa ya kupulizia. Uliza kama muuzaji anavitoa. Mara nyingi vinauzwa kando.

Sauti. Lugha ya maelekezo hupangwa kabla ya mauzo, na mtumiaji hana kitufe cha kuibadilisha. Uliza kabla ya kulipa. Ikiwa inaongea Kiingereza na mlinzi wako anaongea Kiswahili, mfundishe maneno machache yatakayorudiwa, na bandika karatasi mlangoni mwa kabati kwa maandishi makubwa: haitiki, hapumui kawaida, piga kelele, kandamiza, washa, vua, bandika, usimguse, bonyeza cha machungwa, kandamiza tena. Chini yake namba ya gari la wagonjwa la hospitali iliyo karibu, namba inayopokelewa usiku. Ipigieni kwanza mjaribu.

Sasa sababu hasa ya sisi kuipenda mashine hii kuliko nyingi za bei yake: tarehe ni moja. Betri na pedi vinakwisha muda pamoja, kwa kuwa viko kisanduku kimoja, na muda wake ni miaka 4 tangu kutengenezwa. Imeandikwa kwenye Pad-Pak. Linganisha na Philips HeartStart HS1, mashine nzuri na maarufu kuliko hii: betri yake miaka 4, kaseti ya pedi miaka 2. Kwa miaka 8 HS1 itadai pedi mara tatu na betri mara moja, ambapo 350P inadai Pad-Pak moja tu. ZOLL AED Plus nayo ina pedi za miaka 5 na betri kumi za aina ya 123, zile za kamera za zamani, ambazo nazo zinakaa miaka 5. Hesabu yake si mbaya, lakini mashine ina uzito wa kilo 3.1. Kwenye taasisi ambayo mhasibu anabadilika kila mwaka, tarehe mbili ni nyingi. Ya pili ndiyo inayosahaulika, na pedi iliyokwisha muda gundi yake hukauka hata kama taa bado ni ya kijani.

Ubaya wa mpango huohuo: ukishatumia pedi mara moja, Pad-Pak nzima inatupwa, hata kama betri ilikuwa na nguvu ya mishtuko zaidi ya 60. Kwa Zanzibar, Mtwara, Lamu au Kigoma, hiyo inamaanisha mashine imelala hadi nyingine ifike. Tena si kifurushi cha kawaida. Betri ni ya lithiamu, na ndege zina masharti yake kuhusu betri za lithiamu. Nunua ya akiba siku ileile. Na tarehe ya miaka 4 inahesabiwa tangu kiwandani, si tangu dukani: Pad-Pak iliyokaa miezi kumi ghalani na baharini imekupunja miezi kumi. Andika kwenye oda kwamba iwe na muda usiopungua miaka mitatu na nusu siku ya kukabidhiwa, na ikija pungufu irudi.

Watoto wanahitaji Pad-Pak yao, ya rangi ya waridi, kwa umri wa mwaka 1 hadi 8 au uzito chini ya kilo 25. Inashusha umeme hadi jouli 50. Shule ya msingi na bwawa la kuogelea vinunue. Ukiwa nayo ile ya wakubwa tu na mtoto ameanguka, tumia hiyohiyo. Pedi moja mbele katikati ya kifua, nyingine mgongoni. Hatari ni kuchelewa.

Joto na vumbi. Kinga yake dhidi ya vumbi na maji ni IP56, maana yake vumbi haliingii kiasi cha kudhuru na inavumilia maji ya bomba yanayorushwa kwa nguvu. HS1 ni IP21, ya ndani ya jengo. Kwa boti za Dar es Salaam na Zanzibar, kwa ghati, kwa uwanja wa mpira, tofauti hiyo ni kubwa. Hali ya kusubiri inaruhusu nyuzi 0 hadi 50, HS1 inataka 10 hadi 43. Hata hivyo gari lililofungwa juani mwezi wa Februari huweza kuvuka nyuzi 50 ndani, na chumba cha injini cha boti vilevile. Gundi inakauka, betri inazeeka. Iteremshe kwenye gari kila jioni, na kwenye boti iweke sehemu ya abiria.

Ndani ya boti inayotikisika au gari linalokimbia, mashine inaweza kuchanganya mtikisiko na mdundo. Simamisha au punguza mwendo sekunde zile za kusoma. Sakafu ya chuma au yenye maji si kizuizi, ilimradi kifua ni kikavu na hakuna anayemgusa.

Kuna ndugu zake wawili. 360P inashtua yenyewe bila kubonyeza. Inamfaa mtu mwenye hofu, lakini tunaona kubonyeza kunampa mwokoaji nafasi ya kuangalia mara ya mwisho kama kuna mkono juu ya mgonjwa. 500P inakusahihisha unapokandamiza: inasema kandamiza kwa nguvu zaidi, haraka zaidi, au vizuri. Inasoma kupitia pedi zilezile, si kwa kipimo cha kina. ZOLL AED Plus ina kihisi halisi kinachokaa chini ya viganja. Ushauri huo wa 500P haufanyi kazi na Pad-Pak ya watoto. Kwa jimu au kiwanda chenye timu ya huduma ya kwanza, ongeza pesa uchukue 500P, kwa sababu makosa ya kukandamiza kwa kina kidogo ni ya kawaida sana, hata kwa waliofundishwa. Kwa mlinzi mmoja usiku, 350P inatosha.

Kwenye mpira hoja haihitaji kutetewa tena. Christian Eriksen alianguka Copenhagen tarehe 12 Juni 2021 akashtuliwa palepale nyasini. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, moyo wake ulisimama kwa muda wa dakika 78 London mwaka 2012, akashtuliwa tena na tena, akaishi. Lakini viwanja hivyo vilikuwa na timu za waganga kando ya mstari. Kwa uwanja wa wilaya, mashine iwe kwenye benchi la akiba, si kwenye gari la mwenyekiti.

Wakati wa kununua: dai uthibitisho kwamba kifaa kimesajiliwa, Tanzania kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, Kenya kwa Bodi ya Dawa na Sumu. Dai warantii kwa maandishi na jina la nani ataleta Pad-Pak mwaka wa nne. Kama muuzaji anasitasita kujibu hilo la pili, ondoka. Mashine bila Pad-Pak ni kasha la plastiki. Mashine za mtumba au za msaada zikaguliwe tarehe kwanza, na bei ya Pad-Pak mpya ihesabiwe kabla ya kusema ahsante.

Ikifika: sukuma Pad-Pak hadi isikike imebofya pande zote mbili, taa ya kijani ianze kumeta kila sekunde 5 hadi 10. Iwashe mara moja usikie sauti, kisha izime, basi. Usivute kichupo cha kijani. Wapo wanaoiwasha kila wiki “kuijaribu” au kuionyesha wageni, na kwa kufanya hivyo wanakula betri ambayo haichajiki. Mafunzo yana mashine yake ya mazoezi isiyo na umeme.

Mashine inajikagua yenyewe kila Jumapili usiku wa manane kwa saa za Greenwich, ambayo kwetu ni saa tisa usiku kuamkia Jumatatu. Basi ukaguzi wa binadamu uwe Jumatatu asubuhi, mlinzi anayetoka na anayeingia wakiangalia pamoja na kutia saini: kijani inameta, tarehe bado, khanga na mkasi vipo. Taa nyekundu, au kutokuwepo taa kabisa, mashine haiko tayari. Pigia muuzaji siku hiyohiyo.

Baada ya tukio pedi zisibanduliwe hata mgonjwa akianza kupumua, na mashine isizimwe hadi wahudumu wafike. Moyo ulioanza kutapatapa mara moja unaweza kurudia. Kumbukumbu inahifadhi dakika 90 za mdundo, zinatolewa kwa waya wa USB na programu ya Saver EVO. Rekodi hiyo ni dhahabu kwa daktari wa moyo, iwe Taasisi ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili au kwingineko, kwa sababu inamwonyesha mdundo ulikuwa upi kabla ya mshtuko. Wengi huifuta bila kuipeleka.

Kipo kitu kimoja ambacho kitabu cha maelekezo hakikigusi. Miongozo ya Ulaya ya mwaka 2021 inataka manusura aonwe tena ndani ya miezi 3 tangu kutoka hospitali, apimwe kumbukumbu, uchovu, wasiwasi na sonona. Moyo ukipona, akili mara nyingi bado ina deni. Aliyekandamiza kifua naye asisahauliwe, hasa kama mgonjwa alifariki. Meneja akae naye siku hiyohiyo, amweleze kwa uwazi mashine ilirekodi nini. Mara nyingi rekodi itaonyesha kwamba hapakuwa na mdundo wa kushtua tangu mwanzo, na mtu aliyekuwa anajilaumu kwamba hakubonyeza atajua kwamba mashine haikumwomba abonyeze.